Barua ya wazi kwa viongozi wa wilaya yetu: mama yetu kanyimwa viza kwa makaratasi ya hapa hapa kwetu

Mtwara, 22 Septemba 2025

Kwa Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu.

Nakala: Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Afisa Ushirika wa Wilaya, viongozi wa chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho, na ofisi ya kijiji.

YAH: NYARAKA ZA MAMA YETU ALIYEOMBA VIZA YA KUMTEMBELEA MWANAE UINGEREZA

Ndugu Mkurugenzi, salaam, na poleni na majukumu.

Jina la wilaya sijaliandika humu, la kijiji sijaliandika, na la mama nimeliacha pia. Mama bado anaishi hapo kijijini, korosho zake bado zinapimwa kwenye mzani wa chama kile kile, na sitaki aje apate shida ghalani kwa sababu ya mdomo wangu. Ila tarehe nimeziweka zote, wahusika mkisoma mtajijua.

Kabla ya kuja huku hadharani nilifuata njia zote. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono masjala tarehe 2 Julai, nakala yangu ina mhuri wa kupokelewa. Ya pili tarehe 11 Agosti, nayo ina mhuri. Nimepanda gari kutoka Mtwara mjini kuja hapo ofisini kwenu mara nne, mara ya mwisho nimekaa kwenye benchi la koridoni toka saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana alafu nikaambiwa mkubwa yuko kwenye kikao na haijulikani kitaisha saa ngapi. Sijajibiwa hata mstari mmoja, hata ule wa kusema tu barua yako tumeiona.

Sasa nieleze jambo lenyewe ili na wengine wanaosoma waelewe.

Mdogo wangu wa kike anaishi Leicester, Uingereza, huu mwaka wa saba, ana vibali vyake, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee na mumewe anafanya kazi za usiku. Mwaka jana mwishoni akatuambia ana ujauzito, wa kwanza, anatarajia Juni. Akaomba mama aende akae nae miezi mitatu. Huku kwetu hilo sio jambo la anasa, binti akijifungua uzazi wa kwanza lazima awepo mtu wa kumkanda, wa kumpikia uji, wa kumpokea mtoto ili yeye alale, na mtu huyo ni mama yake mzazi. Kule hana shangazi, hana wifi, jirani wa kuita tu akaja hayupo.

Tukagawana kazi. Yeye kule ajaze fomu kwenye intaneti na aandae barua ya mwaliko, benki stetimenti zake, karatasi za mshahara na uthibitisho wa anapoishi. Mimi huku nitafute karatasi za mama. Pasipoti haikutusumbua, shilingi 150,000 ilitoka, ikapatikana, tunashukuru.

Viza yenyewe ni ile ya mgeni wa kawaida, inamruhusu mtu kukaa hadi miezi 6. Haiombwi zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida ni wiki 3 toka siku ya kuchukuliwa alama za vidole. Ada ilipanda Aprili mwaka huu toka pauni 115 mpaka 127, kwa hela yetu ni zaidi ya laki 4, na ukinyimwa hairudi. Rufaa nayo hakuna, toka Juni 2013 walishaondoa ile haki kamili ya rufaa waliyokuwa nayo ndugu wanaoomba kutembelea ndugu zao, kwaiyo ukinyimwa unaomba upya na kulipa upya, na kwenye fomu mpya lazima useme kwamba ulishawahi kunyimwa. Ndio maana karatasi inatakiwa iwe sawa siku ya kwanza. Hakuna nafasi ya kusema nimesahau ntaleta kesho.

Usiku mmoja mwezi wa nne tulikaa na mama uani, simu nimeiegemeza kwenye sufuria, mdogo wangu yuko hewani anatusomea maswali ya fomu moja baada ya jingine. Kule saa mbili usiku, huku saa nne. Likaja swali, kwa mwezi unaingiza kiasi gani. Mama akauliza, "Mwezi gani?"

Alikuwa anauliza kweli. Mwezi wa kumi na moja anaingiza. Mwezi wa pili haingizi hata mia. Mwezi wa sita anatoa tu, salfa, vibarua wa kupulizia, mafuta ya mashine. Fomu haina mahali pa msimu, inataka mwezi. Tukachukua hela ya korosho ya mwaka, shilingi milioni 3 na laki 8, tukagawa kwa 12, tukaandika laki 3 na kitu. Hapo ndipo tulipohitaji karatasi yenu ya kueleza hiyo hela, na hatukuwa nayo, na sababu za kutokuwa nayo nazieleza hapo chini.

Mwanzoni mwa Mei nikampeleka mama Dar es Salaam kwenye alama za vidole maana huku kusini huduma hiyo haipo. Ni kilometa zaidi ya 550. Tumetoka stendi ya Mkanaledi alfajiri, Mnazi Mmoja, Nangurukuru, Somanga, tukavuka Rufiji pale daraja la Mkapa, tumefika Mbagala jioni mama miguu imevimba viatu havitoki. Ana miaka 67. Kesho yake mashine ikagoma kusoma vidole. Ujana wake wote mama alikuwa anabangua korosho kwa mkono, na mafuta ya ganda la korosho yanavyounguza ngozi kila mtu wa huku anajua, ncha za vidole vyake ni laini kama kikombe, mistari imefutika. Binti wa pale alikuwa na subira, akavifuta kwa kitambaa chenye maji, akavikandamiza kimoja kimoja kwenye kioo, mara ya tano ndio ikakubali. Mama akageuza viganja akaviangalia, akasema, "Korosho hizi." Sikuwa na la kumjibu.

Majibu yalikuja tarehe 27 Mei. Wamekataa.

Barua ya kukataa nimeisoma mpaka naijua kwa moyo, na kila sababu nikiifuata inanirudisha kwenye ofisi iliyoko ndani ya wilaya yetu. Wale wa kule nao wana yao, hiyo ada isiyorudi na kukosekana rufaa, na hayo tutayasema kwao. Ila afisa aliyeshika faili la mama hamjui mama, hajawahi kufika Mtwara, anachokijua ni karatasi. Na karatasi zinatoka kwenu. Kwaiyo malalamiko yangu ni haya.

1. Barua ya chama cha msingi

Sababu ya kwanza waliyoandika ni kwamba mama kajaza ana kipato cha kila mwezi lakini akaunti yake inaonyesha hela imeingia mara moja tu, milioni 3 na laki 8, tarehe 19 Novemba, na kabla ya hapo akaunti ilikuwa na shilingi elfu 14. Kwa macho ya mtu wa viza hiyo ni hela ya kuazima, imewekwa pale ili ionekane. Mtu yeyote wa Mtwara au Lindi akiiona hiyo tarehe anajua ni nini, ni malipo ya mnada. Toka mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani kwetu mwaka 2007 ndio utaratibu wetu, mkulima anapeleka korosho kwenye chama cha msingi, zinapimwa, zinaenda ghala kuu, zinapigwa mnada, makato yanakatwa, kinachobaki kinaingia benki. Hela ya mwaka mzima inakuja mara moja au mara mbili, alafu kimya mpaka msimu mwingine.

Na huyu mama hajawahi kuuza kangomba, yaani kwa walanguzi wanaonunua nje ya chama. Kuna mwaka malipo yalichelewa na sisi watoto tunadaiwa ada, wakaja watu usiku na mizani yao na hela mkononi, sisi tunamwangalia yeye, akakataa, akasema viongozi wamesema chama basi zinaenda chama. Zilienda chama, kilo zote, na mwaka ule nilirudishwa nyumbani wiki mbili.

Tulichoomba kwenu ni karatasi moja. Kwamba huyu ni mwanachama wetu, namba yake ni hii, msimu wa 2024/2025 alileta kilo hizi akalipwa hela hii tarehe hii, na misimu mitatu ya nyuma ilikuwa hivi. Vitabu mnavyo. Januari katibu akasema njoo baada ya mkutano mkuu. Baada ya mkutano akasema mpaka Afisa Ushirika aidhinishe. Afisa Ushirika akasema hilo ni la chama sio la kwake. Tukarudi kwa katibu, akasema mwenyekiti kasafiri na mhuri anao yeye. Mzunguko huo tumeuzunguka mara tatu, mama mwenyewe kwa miguu yake mara mbili, mpaka Aprili ikaisha na mda wa kuomba ukawa ndio huo. Tukaambatanisha vile vikaratasi vya mizani vya kaboni ambavyo wino umeshafifia, na mdogo wangu akaandika maelezo yake. Maelezo ya binti anayemtaka mama yake aje yana uzito gani kwa afisa wa viza? Barua yenye mhuri wa chama ingekuwa na uzito.

2. Majina

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mama alipozaliwa alipewa jina na bibi yake. Alipotoka unyagoni akapewa jina lingine, na ndio aliloitwa mpaka akaolewa na mpaka leo majirani wanamwita hilo, maana kwa mila zetu ukitoka jandoni au unyagoni lile la utotoni unaliacha, na wapo wazee ukimwita kwa jina la utotoni anaona umemvunjia heshima. Ninyi viongozi wengi wenu ni wenyeji, hili siwafundishi. Sasa cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu, cha mwaka 1991, sehemu ya mama limeandikwa jina la unyagoni. Kitambulisho cha taifa kina jina la utotoni, kwasababu siku ya kuandikisha aliulizwa jina alilozaliwa nalo na yeye akajibu alichoulizwa. Pasipoti ikafuata kitambulisho. Kwaiyo ukiweka karatasi mezani, aliyemzaa mdogo wangu ni mtu mmoja na mwenye pasipoti ni mtu mwingine kabisa. Afisa wa viza akaandika kwamba hajaridhika kuwa hawa ni mama na mwana.

Tuliliona hilo mapema. Tarehe 9 Desemba mwaka jana tulipeleka maombi ya kurekebisha cheti ofisi ya wilaya, tukiwa na hati ya kiapo, barua ya kijiji, barua ya shule ya msingi aliyosoma mdogo wangu, na kadi yake ya kliniki ambayo bibi aliihifadhi kwenye sanduku la bati miaka yote hiyo. Tarehe 14 Machi tukaambiwa faili halionekani, leteni nakala zingine. Tukaleta, kadi ya kliniki bahati nzuri nilikuwa nimeipiga picha maana orijino ndio ilikuwa imepotelea humo humo kwenye faili. Tarehe 22 Aprili tukaambiwa aliyekuwa anashughulikia kahamishwa, tusubiri atakayeletwa. Mpaka leo naandika cheti kiko vile vile. Kiapo tulikituma kama kilivyo, lakini kiapo ni maneno yetu wenyewe, cheti ndio neno la serikali.

Na siku ile ya Machi karani aliyetupokea alisema, mama akiwa amesimama pale pale mbele ya meza, kwamba wazee wenu nao kwanini wanabadilisha majina kama nguo. Mama hakujibu. Yeye hakubadilisha kitu, alipewa jina na waliomlea, siku ambayo kijiji kizima kilikesha kwenye ngoma. Kile alichoambiwa pale kaunta naomba mtu aje amwombe radhi. Naomba hilo kama mtoto wake, hata kama mengine yote mtachelewa.

3. Shamba na nyumba

Mtu wa viza ana swali moja kubwa, huyu ana nini cha kumrudisha kwao. Mama ana ekari 6 za mikorosho aliyoipanda na marehemu baba, miti zaidi ya 150, na nyumba ya bati ya vyumba vinne. Mikorosho haibebeki kwenye begi. Na ratiba yake ya safari tuliipanga kwa mikorosho hiyo hiyo, aende mwishoni mwa Mei, mjomba asimamie kupulizia salfa, arudi mwanzoni mwa Septemba kabla korosho hazijaanza kudondoka, maana huyu mama wakati wa kuokota huwezi kumtoa shambani hata kwa msiba wa mbali.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mama aliomba mwaka 2019. Walikuja wakapima, mipaka ikaonyeshwa, majirani wakasaini. Hati hajaiona. Kila tukiuliza tunaambiwa zimekwama, zimekwama wapi hatuambiwi. Kwenye fomu tukaandika ana shamba, ushahidi tukaweka picha nilizopiga kwa simu mama kasimama chini ya mkorosho. Wakajibu umiliki haujathibitishwa, na kwa haki ya Mungu picha ile haithibitishi umiliki, mtu yeyote anaweza kusimama chini ya mkorosho.

4. Barua ya kijiji

Ilitolewa, hiyo nakubali. Tulilipa shilingi elfu 10 tukaambiwa ni ya karatasi na wino, haina kontro namba, haina risiti. Ina mistari mitatu, haisemi mama kaishi hapo miaka mingapi, haisemi ana shamba, na mwaka umeandikwa 2024 badala ya 2025. Nyaraka isiyokuwa ya Kiingereza lazima iambatane na tafsiri kamili yenye jina, saini, tarehe na mawasiliano ya mtafsiri, tukamlipa mtafsiri, nae akatafsiri kwa uaminifu kila kilichoandikwa pamoja na ule mwaka uliokosewa. Barua ya mwaka mmoja nyuma ya safari yenyewe. Nilirudi kuomba isahihishwe nikaambiwa mtendaji wa kijiji yuko semina.

5. Mihuri ya getini

Aprili wakati tumekwama na barua ya chama, kijana mmoja anayeshinda nje ya geti lenu alinifuata akaniambia kaka kwa laki 2 nakupa barua ya chama, ya kijiji na ya benki, kesho saa nne. Mihuri alikuwa nayo kwenye mfuko wa suruali akanionyesha. Nilikuwa nimechoka na nakiri nilimsikiliza. Nikamwambia mama jioni, akasema kama ni kwa uongo basi mjukuu atamwona akikua. Uingereza ukikamatwa na karatasi ya kughushi wanaweza kukufungia miaka 10 usiombe tena, kwaiyo mama aliona mbali kuliko mimi. Ila nawauliza viongozi wangu, inakuwaje mhuri tulioufuata kwa haki miezi minne tukanyimwa, nje ya geti uuzwe?

Najua mtakayojibu kwasababu mengine nimeshaambiwa kwa mdomo.

Mtasema wafanyakazi ni wachache na msimu ukianza kazi ni nyingi. Ni kweli, lakini Januari mpaka Aprili ghala liko tupu, na barua ya aya mbili haichukui nusu saa. Mtasema huu ni mwaka wa uchaguzi, na Oktoba yote itakuwa hivyo. Maombi yetu ya kwanza ni ya Desemba mwaka jana. Mtasema sio kazi ya chama cha msingi kuandika barua za viza, sawa, hatukuomba barua ya viza, tumeomba rekodi za mwanachama za mauzo yake mwenyewe, ambazo angeweza kuziomba hata kwa mkopo wa pembejeo. Afisa mmoja alinieleza wasiwasi mwingine na yeye namheshimu kwa kusema wazi, kwamba wakitoa barua alafu mtu akienda asirudi, watalaumiwa wao. Nimelifikiria sana hilo. Jibu langu ni kwamba barua inasema yaliyokwisha kutokea, kilo, hela, tarehe, jina. Haimdhamini mtu. Anayeamua arudi au asirudi ni afisa wa viza na ndio kazi yake, kazi yenu ni kumpa ukweli ulioko kwenye vitabu vyenu ili aamue kwa ukweli. Mkinyamaza anaamua kwa kukisia.

Na kuna lile ambalo hakuna aliyenitamkia lakini nimelisoma usoni mwa wengi, kwamba bibi wa kijijini anaenda Ulaya kufanya nini. Anaenda kumkanda mwanae. Mkataba wa Huduma kwa Mteja mmeubandika ukutani pale mlangoni, niliusoma wote siku ile niliyokaa kwenye benchi, haujatenga wa kijijini na wa mjini.

Ninachoomba ni hivi.

Chama cha msingi kitoe barua ya rekodi za mama za misimu minne, na iwe imesainiwa na kugongwa mhuri kabla ya tarehe 10 Oktoba. Tarehe hiyo sijaitoa hewani. Korosho zikishaisha kuokotwa mama anaweza kusafiri Januari, na kwa ile hesabu ya miezi 3 tunatakiwa tuanze kuomba mwezi wa kumi huu huu. Ofisi ya kijiji iandike upya barua ya utambulisho, mwaka uwe sahihi, isemwe ameishi hapo toka lini na analima nini.

Cheti cha mdogo wangu kirekebishwe, au kama sheria inataka hatua nyingine basi tuandikiwe hatua hizo kwa karatasi moja badala ya kuambiwa leo hivi kesho vile. Na naomba hili liwe kwa wazee wote, pawepo utaratibu wa wilaya wa kuthibitisha kwa maandishi kwamba fulani anajulikana pia kwa jina la unyagoni au la jandoni, kwa ushahidi wa wazee na kijiji, ili mtu asianze kuzunguka siku ana safari au ana mgonjwa au anafuatilia mirathi. Tatizo hili sio la mama peke yake, nilipokuwa kwenye lile benchi nilikaa na mzee aliyekuwa anafuatilia mafao ya marehemu mwanae na majina yamemkwamisha vile vile.

Hati ya kimila, tuambiwe iko wapi. Kama haipo tuambiwe haipo.

Kila hela inayolipwa kwa barua iwe na kontro namba, na wale wa getini waondolewe, na ijulikane mihuri wanaitoa wapi.

Mtoto alizaliwa tarehe 8 Juni, wa kiume, mzima, mama yake mzima. Wiki ya kwanza mdogo wangu alikuwa anajikanda mwenyewe bafuni, simu kaiweka kwenye sinki, mama huku anamwelekeza, hapo chini kidogo, maji yasiwe ya moto sana, bonyeza usiogope. Mtandao ukikata anasubiri na taulo. Arobaini ilisomwa kule na watu sita, huku tukasoma na sisi kwetu, mama akapika wali akawagawia watoto wa jirani. Sasa mtoto ana miezi mitatu, akisikia sauti ya mama kwenye simu anageuza kichwa kuitafuta.

Nasubiri majibu kwa maandishi mpaka tarehe 10 Oktoba. Namba yangu ya simu na nakala za kila nilichokitaja humu ziko masjala, kwenye barua ya tarehe 2 Julai.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtoto wa pili wa mama huyo,
Mtwara.